Fundi Koki na Kitenzi Kimoja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Koki, na mkewe naye, siku akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi bomba, mtu mrefu mwembamba, mwenye sugu magotini kwa kupiga magoti kwenye sakafu za watu. Hapakuwa na sinki katika barabara ile ambalo hakuwahi kulala chini yake. Ukisimama naye dukani angekuonyesha wapita njia kwa kidevu: huyu tangi lake lina kutu, yule bafu lake linavuja tangu mwaka jana na kila mtu anajua isipokuwa yeye, na yule pale mwenye tai, choo chake huziba kila mara kwa sababu watoto wake wanatupa humo kila kitu isipokuwa wazazi wao. Mabomba aliyajua vizuri. Watu aliwajua kwa kupitia mabomba yao.

Si kosa mtu kuipenda kazi yake. Kosa ni kuigeuza kazi kuwa pango la kujifichia. Fundi Koki alikuwa na maradhi ambayo hakuna aliyeyapa jina: mazungumzo yakimkaribia moyoni, bomba la mtu lilipasuka. Wageni wamekaa sebuleni, chai imemiminwa, maneno yameanza kwenda kule ambako mtu huulizwa yeye anaonaje, basi Fundi aliinua kidole kama aliyesikia maji kwa mbali, akajipapasa mifuko, akasema amekumbuka kuna bomba mahali. Kabla hujameza funda la kwanza ameshavuka mlango, mfuko wa vyuma begani. Na nani atamzuia mtu anayekwenda kuzuia maji? Mkewe alikwisha zoea. Aliwaambia wenzake kwamba yeye aliolewa uke wenza na mabomba ya mtaa mzima.

Walikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyekwenda ng'ambo kutafuta maisha, akayapata, akaoa huko huko, akapata binti. Binti huyo alikuwa na miaka saba na Kiswahili hakijui, kwa sababu mama yake si mtu wa lugha hii na baba yake hurudi nyumbani amechoka. Kila Jumapili walipiga simu ya picha. Bibi alikaa mbele, akamwaga Kiswahili chake chote bila kupunguza kasi, mtoto akajibu kwa Kiingereza chake, wakacheka kama watu wanaoelewana, na ajabu ni kwamba walikuwa wakielewana. Kisha simu ilielekezwa kwa Fundi. Hapo bomba lilipasuka. Ikawa desturi, mpaka mtoto naye akaizoea: akiona tu ndevu za babu zimeingia kwenye picha, anainua mkono na kumpungia kwaheri, kabla hata ya salamu.

Kwaheri ile ilimuuma Fundi. Hakumwambia mtu, maana kumwambia mtu nako kungekuwa mazungumzo, lakini ilimuuma hasa. Kwa hiyo siku mwanawe alipotangaza kwamba anakuja likizo, yeye na binti yake, Fundi alifurahi na kuogopa kwa mkupuo mmoja. Alitaka mtoto yule arudi kwao akijua kwamba ana babu, si mpita njia mwenye ndevu. Hilo tu. Na mkosaji alikuwa ameshampata, naye ni Kiingereza. Kinachonikimbiza ni lugha, alijiambia. Nikiwa na Kiingereza, nitakaa.

Akaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa jirani wa nyumba ya pili, amestaafu, na tangu astaafu ulimi ulikuwa unamwasha. Aliwasahihisha wauza mboga, aliyasahihisha mabango ya dukani, aliwasahihisha waliomwamkia. Kumpata mwanafunzi aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe kulimtoa machozi kidogo. Akatoa ubao mdogo stoo, akaufuta vumbi, akaanza na herufi. Fundi akamzuia.

"Mwalimu, mimi sijengi ghorofa," akasema. "Nataka bomba moja tu la kufikisha maji kwa mtoto."

Mwalimu akazifuta herufi zake. Akasema kwamba ikiwa mtu amebanwa kiasi hicho, na hana haya, basi kuna kitenzi kimoja ambacho wenye lugha yao wenyewe hukitumia hata wakiwa wamechoka kufikiri. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: get. Kwanza ni kupata. Fundi akaridhika, akataka kuinuka. Mwalimu akamkalisha. Pia ni kuleta. Pia ni kununua. Ni kufika mahali. Ni kuelewa ulichoambiwa. Ukishikwa na mafua, ni hicho hicho. Ukiyapona, ni hicho hicho. Kinaoa, kinazeeka, kinapotea njia, kinalowa mvua. Kikiwekewa kaneno kadogo baada yake kinaamka kitandani, kikiwekewa kengine kinapanda basi, kengine kinashuka, kengine kinamfukuza mtu mlangoni, tena bila adabu.

Fundi alisikiliza kinywa wazi.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuamka, akafika, akaoa, akaugua, akazeeka na akafukuzwa, kwa neno hili hili?"

"Anaweza," akasema Mwalimu, kama aliyeona haya kwa niaba ya Waingereza.

Fundi akaingiza mkono mfukoni mwa vyuma, akatoa spana moja, ile ambayo taya lake hufunguka na kufunga kwa kuzungusha gurudumu dogo la shingoni, inayoshika nati ya kila saizi bila kuuliza. Mafundi huiita spana malaya, na jina hilo halikutungwa msikitini wala kanisani. "Hiki si kitenzi, Mwalimu," akasema. "Ni hii."

Mwalimu aliangalia huku na huku kama kuna mtoto aliyesikia. Kisha akamkumbusha Fundi kwamba ni yeye mwenyewe aliyewahi kumwambia, tena chooni kwake, kwamba spana hiyo hula nati, na kwamba fundi wa kweli ana spana ya kila saizi. Fundi akajibu kwamba spana hula nati kwa mtu mwenye pupa, naye hana pupa. Huo ulikuwa uongo mtupu, kwa sababu wageni walikuwa karibu kufika.

Akaanza mazoezi. Alijizoeza kazini, kwa wateja, na wateja waliteseka. Mama mwenye tanuri la mikate alimwuliza kama amemaliza kuzibua karo. Fundi akasema, "Get." Mama akauliza get nini. Fundi akasema get kila kitu, akitaka kueleza kwamba amefika, ameelewa, ameipata taka iliyoziba na ataileta nje. Mama yule alimtazama, akafuta unga mikononi, na jioni akaja kumwuliza mke wa Fundi kama nyumbani kuko salama. Mkewe akamwambia kuko salama, ila mume wake ameokota neno njiani na hataki kumrudishia mwenyewe.

Mkewe hakujifunza hata herufi. "Mtoto hali Kiingereza," alisema akikunja shuka za wageni. "Nitamlisha, nitamwogesha, nitamwita mke mwenzangu, tutaelewana. Wewe endelea na hicho kichuma chako."

Mwalimu naye hakuridhika. Katika mtihani wa mwisho alimtaka Fundi aombe vitu vilivyokuwa chumbani, na Fundi akaomba vyote: kiti, dirisha, kikombe, paka. Kila mara alitamka get na kunyoosha kidole. Mwalimu akaweka chaki chini. Alisema kwamba kidole ndicho kinachozungumza, na Fundi anakisindikiza tu. Hata hivyo alimfundisha sentensi moja nzima ya kumpokelea mgeni, akamrekebisha mpaka akachoka kumrekebisha, akamwachia Mungu.

Siku ya ugeni ikafika. Mkewe akapanda gari na shemeji yake mwenye teksi kwenda kiwanja cha ndege. Fundi alibaki, akidai kwamba anakagua bafu la wageni. Bafu halikuwa na neno. Yeye ndiye alikuwa na neno, moja, na lilikuwa limemkauka mdomoni. Alisimama mbele ya kioo akaisema sentensi yake. Aliyekuwa ndani ya kioo hakuonekana kuamini.

Hapo ndipo Fundi alipofanya jambo ambalo fundi bomba peke yake anaweza kulifikiria. Katika kazi yake kuna sheria: hugusi bomba kabla hujajua maji utayafungia wapi. Na yeye alikuwa anakwenda kufungua mazungumzo bila koki ya kuyafungia. Akaingia jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki, akatoa sabuni na matambara, akalala chali. Akaishika kwa spana malaya nati ya bomba linalopandisha maji, akailegeza kidogo. Tone likatoka. Likafuata jingine. Akaweka bakuli, akasikiliza, akatabasamu. Sasa alikuwa na bomba linalovuja, la kweli, ndani ya nyumba yake, tayari kumwita akizidiwa. Miaka yote alikuwa akisingizia mabomba ya watu. Leo alau uongo wake ulikuwa na maji ndani.

Lazima isemwe kwamba sinki lile halikuwa na koki yake ya chini. Nyumba zote za mtaa ule Fundi alizifungia koki ndogo chini ya sinki, kwa kuwasomea wenye nyumba hatari za kutokuwa nayo. Ya kwake alisema ataifunga kesho. Mganga hajigangi. Ya kufungia maji ilikuwa moja tu, ya nje, nyuma ya pipa la taka.

Gari likafika. Mwanawe akashuka, amenenepa shingo na kuota mvi chache, akainama. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Njema."

"Na ndege?"

"Nzuri."

Wakamaliza. Walisimama wakiangalia mabegi, kila mmoja akishukuru kwamba yapo ya kubeba.

Kisha akashuka mtoto, mapengo mbele, nywele zimelalia upande mmoja kwa usingizi wa ndegeni. Bibi yake alikuwa amekwisha mshika mkono na kumwita mke mwenzangu, wameshapatana. Wakaingia sebuleni, wakakaa. Fundi akavuta pumzi, akasema sentensi yake kama alivyobaki akiikumbuka: "You get here. I get happy."

Mtoto alimtazama baba yake, akamtazama babu, akatabasamu kwa mapengo yote. Akafungua bomba. Kiingereza kilimtoka kwa wingi na kwa presha, na Fundi, aliyekuwa ameinama mbele kwa juhudi, alisikia get moja ikipita. Akafurahi kama mtu aliyemwona ndugu yake katika umati wa stendi. Lakini kabla hajamsalimia ndugu huyo, umati ulikuwa umekwisha kumbeba, na mara akapita mwingine, na mwingine, wote wamevaa nguo tofauti. Halafu mtoto akanyamaza. Ilikuwa swali. Watu wote sebuleni wakamgeukia Fundi.

Fundi akapekua mfuko wake wa maana. Ameuliza kama nimepata? Nimeleta? Nimefika, nimezeeka, nimeoa? Ya kuzeeka na ya kuoa yalikuwa yanaonekana kwa macho. "Get," akasema kwa heshima, akaitikia kwa kichwa. Mtoto akaendelea kusubiri. Mwanawe alifungua kinywa kutaka kutafsiri, na Fundi hakutaka kutafsiriwa, alitaka kuzungumza, na hakuwa na cha kuzungumzia. Akainua kidole. Jikoni, tone likaanguka kwenye bakuli.

"Bomba," akasema akiinuka. "Kuna bomba linavuja jikoni."

Mtoto hakuhitaji mkalimani. Akainua mkono akampungia kwaheri.

Fundi aliona mkono ule, na miguu ikaendelea kwenda hivyo hivyo, kwa mazoea. Akaingia kabatini mpaka kifuani, akalala chali, akaitazama nati. Alikuwa ameokoka na alijidharau. Angemwambia nini mtu akimwuliza? Kwamba babu mzima, mwenye ndevu, amejifungulia maji kwa kumkimbia mtoto wa miaka saba?

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulipima. Katika simu, babu akiondoka aliondoka mzima. Safari hii alikuwa ameacha miguu. Mtoto alikuja mpaka mlango wa jikoni, akaiona miguu mirefu imetoka kabatini kwenye vigae, haiendi popote, akaifuata. Fundi alisikia mchakacho, akageuza shingo, na uso wenye mapengo ulikuwa pale karibu na sikio lake, umelala chali kama yeye, unatazama bomba.

Hakuweza kukimbia. Mtu aliye chini ya sinki, mtoto amemziba upande mmoja na ukuta upande wa pili, huyo amefungwa.

Mtoto akauliza kitu. Fundi hakuelewa, akanyoosha kidole kuelekea mfuko wa vyuma. "Get," akasema. Mtoto akatambaa, akarudi na nyundo. Fundi akatikisa kichwa, akanyoosha kidole tena. Ikaja bisibisi. Akanyoosha tena, na ukaja utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, ndio alioutaka. Mtoto akasema kitu chenye get katikati, na Fundi akakipata chote: alikuwa anasema, huu ndio ulioutaka. Fundi akamwonyesha tone linavyochungulia penye nati. Mtoto akaligusa kwa kidole, akalilamba, akakunja uso. Wakacheka. Kicheko ndani ya kabati kina mwangwi wake.

Mambo yakanyooka. Pale chini kila kitu kilikuwa karibu na kidole, na kitenzi kile kilishika kila nati. Get tochi. Get tambara. Mtoto akawa anamjibu kwa maneno marefu, na Fundi naye akaanza kumjibu kwa Kiswahili, akimweleza habari za nyuzi za bomba, kwa nini utepe huzungushwa kufuata upande nati inakofungia na si kinyume, na jinsi maji yalivyo na hila kuliko paka. Hakuwahi kuongea na mtu muda wote huo bila kutafuta mlango. Hakugundua kwamba ameshaacha kutumia get.

Tatizo likawa moja tu, kazi iliisha. Nati ilikuwa ngumu, tone limekatika, bakuli limetulia. Mtoto akapiga makofi na kuanza kujivuta atoke. Fundi akaona raha yake inaondoka naye. Basi mtu huyu, aliyelegeza nati asubuhi ili apate njia ya kukimbia, akailegeza tena ili apate sababu ya kukaa. Akailegeza, wakaifunga. Akalegeza ya pembeni yake, ambayo haikuwa na kosa lolote, wakaifunga. Mkewe alipita akaweka birika jikoni, akaisikia spana inazunguka kushoto, kulia, kushoto, akasimama kidogo, akaenda zake. Kisha Fundi, amelewa furaha, akampa mtoto spana malaya yenyewe, akamwekea mikono miwili juu yake, akamwonyesha azungushe.

Mtoto akazungusha kwa nguvu zake zote, upande wa kufungulia.

Nati ilitoka ikaruka, na nyuma yake maji ya mtaa mzima. Yalimpiga Fundi usoni, yakapanda dari la kabati, yakashuka na sabuni, matambara na bakuli, yakamwagikia jikoni kwa fujo. Fundi aliweka kiganja juu ya bomba, maji yakatokea kati ya vidole. Na katika dakika hiyo, akiwa na nafasi ya kusema neno lolote la lugha yake mwenyewe, alisema kwa sauti ya kuitisha mtaa, "Get. Get. Get."

Alimaanisha mtoto atoke. Alimaanisha mkewe alete ndoo. Alimaanisha mtu, yeyote, akimbie kufunga koki ya nje, na pia alimaanisha kwamba amelowa. Yote hayo kile kitenzi kinayaweza, Mwalimu alikwisha sema, ila hakuna aliyejua lipi ni la nani. Mkewe alileta taulo. Mtoto alileta nyundo.

Aliyekwenda nje ni mwanawe. Hakuuliza koki iko wapi. Alikata sebule, akapita uani, akasukuma pipa la taka kando, akaizungusha. Maji yakapungua, yakakohoa, yakafa.

Jikoni, sufuria ilikuwa inaelea. Mtoto amekaa majini na nguo zake za safari, anacheka mpaka kwikwi zimemshika. Fundi alijitoa kabatini, akaegemea ukuta, ndevu zinachuruzika. Mwanawe akarudi, suruali imelowa mpaka magotini, akaokota nati sakafuni, akaigeuza mkononi. Alikuwa mtoto wa fundi bomba, na kuna mambo mtu hayasahau hata akikaa ng'ambo.

"Hii ni nzima," akasema.

"Nati haijifungui yenyewe," mkewe akasema, akichukua dekio, "Fundi Koki."

Hapakuwa na pa kukanusha. Mtoto alikuwa amemaliza kucheka, akamvuta baba yake shati, akasema jambo refu huku anamtazama babu. Baba yake akaigeuza nati tena.

"Anasema alidhani huwa humpendi," akatafsiri. "Anauliza kwa nini ukimwona huwa unaondoka."

Fundi akajifuta uso. Hilo swali alilijua, na jibu alikuwa nalo muda mrefu. Akasema aambiwe kwamba ni lugha. Aambiwe babu yake ana neno moja tu la Kiingereza, na lenyewe wameona lilikowafikisha. Angekuwa nacho Kiingereza, asingeondoka hata siku moja. Alisema hayo kwa moyo safi, kwa sababu aliyaamini.

Mwanawe hakutafsiri. Aliiweka nati pembeni ya sinki, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Baba," akasema. "Siku naondoka nchini nilisimama pale mlangoni na begi. Ukasema kuna bomba limepasuka kwenye mashine ya unga. Mimi na wewe tulikuwa na Kiswahili chote."

Mkewe aliacha kupiga deki. Fundi alitazama mlango. Kazi ilikuwepo, safari hii ya halali: bomba wazi, jiko limejaa maji, nyumba haina tone, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuinuka. Akainuka nusu, magoti yakalia. Akabaki hivyo, mkono ukutani, mtu mzima asiyejua aende juu au chini. Kisha akajishusha tena pale pale majini.

"Bomba likivuja najua pa kushika," akasema. "Wewe nilikuwa sijui nikushike wapi. Nilikuona na lile begi nikajua nitalia, na wewe ulikuwa unaanza safari. Hakukuwa na bomba, mwanangu."

"Najua. Nilipita pale nikienda stendi. Palikuwa pakavu."

Mwanawe akakaa chini, na suruali yake ya safari, bega kwa bega na baba yake. Mtoto akajipenyeza katikati yao, akataka aambiwe wanasema nini. Wakati huu baba yake alimtafsiria, na alichukua muda, na Fundi alingoja mpaka mwisho ingawa hakuelewa hata neno.

Mkewe akachukua ndoo, akavuka kwenda kwa Mwalimu kuomba maji ya chai. Mwalimu alikuwa mlangoni anangojea matokeo ya mtihani. Alitaka kujua kama kile kitenzi kimefanya kazi, na imekuwaje nyumba ya fundi bomba ikakosa maji. Mke wa Fundi akatega ndoo chini ya bomba lake, akamwambia koki imefungwa na haitafunguliwa sasa hivi, maana mume wake anaongea na mwanawe.